Haraka Gani Isiyo na Baraka?

Ipo methali ya Kiingereza isemayo, "More haste, less speed." Mwanafunzi akiifasiri neno kwa neno hupata kichekesho: haraka ikizidi, kasi hupungua. Basi hufunga kitabu akidhani Waingereza nao husema ovyo. Kosa si lao. John Heywood alipoichapa methali hiyo mwaka 1546 katika mkusanyo wake, neno "speed" lilikuwa bado likichukua maana yake ya kale, yaani mafanikio. Methali haikuwa ikipima mwendo. Ilisema kuwa mwenye kupapatika hafanikiwi.

Methali yetu, "Haraka haraka haina baraka," imepatwa na msiba kama huo. Haraka ni neno la asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni kujongea tu. Waarabu husema hata kwamba haraka ni baraka! Sisi tulilipa neno maana ya wepesi, na katika methali likarudiwa mara mbili. Nami nashikilia kuwa kule kulirudia ndiko kulikobeba lawama: kinacholaumiwa ni pupa, si wepesi.

Lakini sasa methali imekuwa kimbilio la wavivu. Fundi aliyeahidi nguo Jumatatu akaitoa Ijumaa, karani anywaye chai na foleni imefika nje, wote hutupiga nayo usoni. Hawaitaji kamwe ile nyingine, "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Atakaye kuiona pupa yenyewe na aende kituo cha Satellite, kando ya Barabara ya Naivasha, asubuhi ya siku ya kazi. Utingo hugonga bodi la matatu, abiria hudandia kabla halijasimama. Dereva hukwea ukingo wa barabara ili ayapite magari matatu, kisha yote manne hukutana mbele katika msongamano ule ule. Hiyo ndiyo haraka isiyo na baraka, na wako walioilipia kwa viungo vyao. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, ziliagiza matatu zifungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na mkanda. Zilikataza pupa, hazikumwambia mtu afike kesho.

Karani yule, basi, amekatazwa na nani kuimaliza foleni yake kabla ya adhuhuri?