Kompyuta Isome, Malenga Ahakiki

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, siku hizi mtu hupiga picha ukurasa wa kitabu kwa simu yake, na kufumba na kufumbua maneno yote yakawa tayari kunakiliwa. Silibezi jambo hilo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilichapa mashairi mengi ya wasomaji wake, na sioni nani atakayeyaandika upya yote kwa vidole. Ninalolipinga ni tabia ya kukipokea kilichosomwa na kompyuta kana kwamba ndicho alichokiandika mtunzi.

Tazameni ritifaa tu. Karatasi ikichakaa, kompyuta huweza kuidhania alama hiyo kuwa ni uchafu na kuiacha. Hapo “ng’oa” hugeuka “ngoa”. La kwanza ni kazi ya mkulima. La pili ni uchu na wivu wa mapenzi, neno la kale lipendwalo na washairi wa pwani. Yote mawili ni Kiswahili safi, mizani haibadiliki, kina hakibadiliki, na msomaji kijana hana cha kumshtua.

Kuna na ukisiaji. Programu za zamani zililinganisha umbo la kila herufi na maumbo zilizoyahifadhi. Za sasa husoma mstari mzima, na penye utata huchagua neno linalozoeleka zaidi katika maandishi zilizofunzwa nayo. Kwa taarifa ya bei ya korosho, huo ni msaada mkubwa. Lakini shairi hutafuta neno adimu kwa makusudi. Aliyeandika kwa mkono, kwa Kiamu, akisifu mato ya mpenziwe, anaweza kukuta amesifu moto!

Utata mkubwa zaidi umo katika miswada ya herufi za Kiarabu, hazina yenye Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake ni wa mwaka 1728. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, nasi tuna irabu tano. Hivyo kasra ilitumika kwa i na kwa e, na dhamma kwa u na kwa o. Herufi be ilibeba b na p, na mara nyingi mb pia, kwa kuwa waandishi wengi hawakuiandika m iliyotangulia. Kwa desturi hiyo “bibi” na “pembe” huweza kuandikwa sawasawa. Kompyuta yaweza kuitambua kila herufi bila kosa, na bado isijue mtunzi alimtaja bibi au pembe. Atakayejua ni yule aliyeufuata ubeti uliotangulia, anayekijua kisa chenyewe na lahaja yake, na anayesikia kina kinachodaiwa mwishoni mwa mshororo.

Mizani itatusaidia kwa kiasi. Mshororo wa mizani kumi na sita ukitoka na kumi na tano, turudi kwenye picha. Ila “moto” na “mato” zitapita mizani bila kuguswa, ndiyo maana nasema kila shairi lililosomwa kwa kompyuta liwekwe pamoja na picha ya ukurasa wake, na kila neno lenye shaka litiwe alama, lisisahihishwe kimyakimya. Na madaftari yenyewe yatunzwe. Nimepata kusikia kwamba ya marehemu mmoja yalichomwa kwa hoja kuwa “yote yamo kwenye simu”. Waliyachoma bila kuyalinganisha na hayo yaliyomo simuni.

Wanaojua kusoma hati hizo kwa ufasaha ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Aliye na bibi au babu wa namna hiyo nyumbani, na amketishe mbele ya picha hizo mwaka huu, daftari na kalamu mkononi, amsomee neno kwa neno.