Neno la Mhariri: Kitabu Huchaguliwa kwa Sikio

Kila mwaka unapokaribia kwisha, na shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ya Desemba, wazazi wa Kisumu na viunga vyake huanza kupiga hesabu ya Januari: sare, viatu, karo, na michango ambayo haikosi jina jipya; na katika hesabu hiyo, mahali pa chini kabisa, baada ya kila kitu kingine kwisha kununuliwa, ndipo aghalabu kinapoandikwa kitabu. Toleo hili la jarida letu limekusudiwa kukipandisha kitabu hicho, hasa kitabu cha mtoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6, mwenye umri wa takriban miaka 9 hadi 12, kwa kuwa huo ndio umri ambao mtoto ama huingia katika kusoma akakaa humo maisha yake yote, ama hutoka asirudi tena. Rai yangu, ambayo nitaitetea katika kurasa hizi chache, ni kwamba mzazi yeyote, hata asiyejua kusoma, aweza kumchagulia mwanawe kitabu chema, maadamu atakubali kutumia chombo alichojaliwa na Mola na kuzoezwa na wazee wake, nacho ni sikio.

Umri huu hatukuuteua kwa kubahatisha. Katika mpango wa masomo wa Kenya, mtoto wa madarasa matatu ya kwanza hutakiwa afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, ambayo katika nyumba nyingi za kando ya ziwa ni Dholuo, na mijini mara nyingine ni Kiswahili. Lakini afikapo Gredi ya 4, hesabu na sayansi na habari za jamii zote humjia kwa Kiingereza, naye hudhaniwa kwamba kusoma amekwisha kujua na kwamba kilichobaki ni kuyachota maarifa yaliyomo. Dhana hiyo aghalabu si kweli. Wajumbe wa mradi wa Uwezo, walioanza tathmini zao nchini mwaka wa 2009 kwa kwenda nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili waisome, waliwakuta tangu mwanzo watoto wa madarasa ya juu walioshindwa na hadithi hiyo. Upungufu wa watoto hao ni wa kurasa walizopitia, wala si wa akili. Na kurasa hizo, kwa kuwa darasa lenye wanafunzi wengi na kitabu kimoja cha kiada haliwezi kuzitoa zote, sharti zipatikane nje ya darasa, kwa mkono wa mzazi.

Sasa na tutazame jinsi mkono huo unavyonunua. Mama atokaye Obunga, ule mtaa wa kaskazini ya jiji ambako mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki aitwaye mbuta iliyobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kupeleka ng'ambo, hukaangwa na kuuzwa kwa watu wasioweza kuununua mnofu wenyewe, hufika kwa mchuuzi aliyetandaza vitabu vyake juu ya turubai kando ya njia. Mchuuzi humwuliza, "Mama, mtoto yuko gredi gani?" Naye hujibu, "Ya tano." Papo hapo hutolewa kitabu cha marudio, chenye jalada la kung'aa na maswali ya kuchagua A, B, C au D kutoka mwanzo hadi mwisho, mama huuliza bei, huomba apunguziwe, hulipa, na kitabu hutiwa mfukoni pamoja na omena. Mtoto mwenyewe, ambaye wakati huo yuko nyumbani au anacheza mpira, hakuulizwa neno, na kitabu hakikufunguliwa na mtu yeyote ila mchuuzi, alipokuwa akionyesha idadi ya kurasa.

Simlaumu mama huyo, wala mchuuzi simlaumu. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 hadi KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, wazazi wa leo, ambao ndio waliokuwa wanafunzi wa zamani hizo, walifundishwa kwamba kazi ya kitabu ni kumpitisha mtoto mtihani, na kwamba kitabu kisichokuwa na mtihani ndani yake ni anasa ya watu wenye nafasi. Mpango mpya wa masomo ulikuja na ahadi ya kuupunguza utumwa huo, walakini tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, iitwayo KPSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022, haikukawia kuzaa vitabu vyake vya marudio, na biashara ikaendelea kama ilivyokuwa. Fauka ya hayo, sheria ya kodi ya mwaka wa 2013 iliviwekea vitabu kodi ya 16 katika mia, ikawa mzazi mwenye fedha ya kitabu kimoja, alazimikapo kuchagua kati ya kile kinachoahidi alama na kile kisichoahidi kitu, huona kuwa busara ni kukifuata cha alama.

Walakini mama huyu huyu, ashukapo pwani ya Dunga kununua ngege kwa wavuvi, hadanganyiki kwa ukubwa wa samaki wala kwa ufasaha wa mwuzaji: humfunua matamvua, akatazama wekundu wake, na kwa tazamo hilo moja akajua kama samaki ni wa leo au ni wa jana. Kitabu nacho kina mahali pa kufunuliwa, na kazi hiyo haihitaji shahada wala miwani: ni kumpa mtoto akisome ukurasa mmoja kwa sauti, palepale penye turubai la mchuuzi, kabla fedha haijatoka mkononi, na mzazi asimame asikilize.

Kuihukumu hadithi kwa sikio si jambo geni kwa watu wa ziwani. Katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto wa boma la Kijaluo walikusanyika usiku, bibi alisimulia sigana, yaani hadithi za mapokeo, kisha watoto wakasimulia kwa zamu, na aliyeiharibu hadithi kwa kuikatiza au kuirefusha bila sababu alikosolewa na wenzake papo hapo. Na huko pwani ya bahari, tenzi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu waliokaa barazani, na wengi wa waliojua mahali vina vilipopotea hawakuwa na nakala mikononi mwao. Mzazi wa leo ni mrithi wa mahakimu hao. Laiti angeutumia urithi wake, asingemwachia mchuuzi hukumu ambayo yeye mwenyewe ana sifa ya kuitoa.

Basi asikilize nini? Kwanza, asikilize ugumu. Amwambie mtoto akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikikunjika vyote kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kingali kizito, na kingoje mwaka ujao. Na asipokunja hata kimoja, kitabu kitamfaa kwa mapumziko, lakini hakitamwongezea msamiati. Kidole kimoja, viwili au vitatu ndicho kiasi cha mtoto kujifunza bila kukata tamaa. Pili, na hili ni kubwa kuliko la kwanza, asikilize hamu. Mwisho wa ukurasa amzuie, akifunge kitabu, amwombe amweleze kwa lugha ya nyumbani, iwe Dholuo, iwe Kiswahili, yaliyotokea na anayodhani yatatokea. Mtoto akieleza maneno mengi kuliko yaliyokuwamo katika ukurasa, na mkono wake ukikinyookea kitabu akitaka kukifungua tena, kinunuliwe. Lakini akijibu kwa neno moja huku macho yake yanafuata boda boda zipitazo, kirudishwe juu ya turubai, hata kama jalada lake lina muhuri wa kuidhinishwa.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watauliza habari za maadili: je, mtoto aachiwe hamu yake imchagulie, pasipo kuangalia kitabu kinafundisha nini? Jawabu langu ni kwamba kitabu kisichosomwa hakifundishi lolote, hata kikijaa maadili kutoka jalada hadi jalada. Mwangalie Shaaban Robert, ambaye hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyeyapenda maadili kumshinda. Katika *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka wa 1952, hakumwita msomaji aje asikie kwamba husuda ni mbaya. Alimweka mbele ya mtawala anayesifiwa kwa uadilifu, ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili, na msomaji, kama alivyo mfalme katika kisa hicho, hawezi kutulia mpaka ajue kwa nini mtu mwema anatenda tendo la ukatili namna ile. Funzo la husuda na msamaha humfikia baadaye, akiwa amekwisha kulitaka mwenyewe. Kinyume chake ni vile vijitabu tuvionavyo kila siku, ambamo mtoto mtiifu hufaulu, mtoto mkaidi huvunjika mguu, na mwisho wake hujulikana tangu picha ya kwanza. Mtoto wa miaka 11, ambaye katika mtaa wake amekwisha kuona mkaidi akitajirika na mtiifu akilala njaa, hukifunga kitabu hicho akijua kwamba mwandishi hamsemezi ukweli.

Kwa hiyo mzazi asiogope kitabu chenye msiba, hofu au ufukara ndani yake, maadamu hakifurahii uovu. Wala asidhani kwamba hadithi pekee ndiyo kitabu. Wako watoto, na wavulana wengi ni miongoni mwao, ambao hadithi haiwashiki, lakini wape kitabu cha kueleza jinsi injini ya mashua inavyofanya kazi, au kwa nini mbuta, samaki aliyeletwa katika ziwa hili katikati ya karne iliyopita, aliwamaliza wengi wa samaki wadogo waliokuwamo tangu kale, utaona taa ya nyumba inachelewa kuzimwa. Hata katuni, ambazo waalimu wengi huzidharau, zimo katika hesabu hii: mchoraji Gado alipozichora hekaya za Abunuwasi katika mwaka wa 1996, mjanja huyo wa kale alipata wasomaji waliokuwa hawajapata kuzigusa hekaya hizo zilipokuwa maneno matupu.

Wala haifai kudhani kwamba vitabu vyema ni vya mbali tu. Kweli, Kiswahili kilikopa mapema, na kikakopa vizuri: *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani* vilikuwa tayari mikononi mwa wanafunzi kabla ya vita vya pili vya dunia. Lakini pwani hii ya ziwa ilimzaa Asenath Bole Odaga, aliyezaliwa mwaka wa 1937 na kufariki mwaka wa 2014, ambaye tangu miaka ya 1960 aliwaandikia watoto hadithi kwa Kiingereza na kwa Dholuo, akazikusanya sigana za Wajaluo kabla hazijazikwa pamoja na wasimulizi wake, na mwaka wa 1982 akaanzisha hapa hapa Kisumu shirika lake la uchapishaji, Lake Publishers, badala ya kungoja Nairobi imwite. Na jirani yetu Uganda ilimpata Barbara Kimenye, ambaye vitabu vyake vya mvulana mtundu aitwaye Moses, vilivyoanza kutoka miaka hiyo hiyo ya 1960, viliwachekesha wanafunzi wa Afrika Mashariki nzima bila kuwahubiria. Mtoto wa Obunga anastahili kusoma habari za kisiwa cha mbali. Anastahili pia kusoma kitabu ambacho ndani yake watu hula omena na majina yao yanafanana na ya majirani zake, ili asije akadhani kwamba vitabu ni mahali ambapo watu kama yeye hawaishi.

Imebaki hoja ya fedha, nayo ni hoja ya haki. Siwezi kumwambia mzazi auzaye mgongo wazi kwamba kitabu ni rahisi, ilhali sote twajua kwamba bei ya hadithi moja mpya yaweza kuwa chakula cha siku nzima. Lakini kitabu kina fadhila ambayo unga hauna: kikiisha kusomwa na mmoja, hubaki kizima kwa mwingine. Nyumba nne za ploti moja zikinunua kila moja kitabu kimoja kisichofanana na cha wenzake, na kuvizungusha kila mwezi, kila mtoto atakuwa amesoma vitabu vinne kwa bei ya kimoja. Na maktaba ya umma iliyopo mjini Kisumu ina rafu za watoto ambazo wazazi wengi wa mitaa yetu hawajazigusa, kwa kudhani kwamba ni mahali pa wanafunzi wa chuo kikuu.

Makala za toleo hili, msomaji mpendwa, zimeandikwa ili kumsaidia mzazi katika kazi hii: zimo za waalimu, zimo za wachuuzi wa vitabu, na zimo za watoto wenyewe, wakieleza vitabu walivyoviacha katikati na sababu za kuviacha, na naomba hizo za mwisho zisomwe kwanza. Lakini makala zote hizo hazitafaa kitu ikiwa Januari itatukuta tukinunua kama tulivyozoea. Basi safari hii, uendapo kununua kitabu, usiende peke yako: mchukue mtoto, mwache akichague mwenyewe kati ya vingi, mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti pale pale kando ya njia, hata watu wakitazama, nawe usitoe fedha mpaka umesikia.