Utando usioonekana unaoamua bei ya betri

Kongo iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje Februari 2025, kisha Oktoba ikaweka mgao, wengi tulitazama bei tu. Lakini hatima ya madini hayo haiamuliwi Kinshasa peke yake. Inaamuliwa pia ndani ya betri, pale elektrodi inapokutana na elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha lithiamu.

Betri ya lithiamu inapochajiwa mara ya kwanza kiwandani, sehemu ya kimiminika hicho huvunjika juu ya grafiti na kuacha utando mwembamba mno, unaopimwa kwa nanomita. Mwanasayansi Emanuel Peled aliueleza mwaka 1979. Utando huo hupitisha lithiamu na kuzuia kimiminika kisiendelee kuharibika. Ni kama ukoko wa wali: kidogo hauna neno, ukizidi wali unapungua sufuriani. Kila unapopasuka hujijenga upya na kumeza lithiamu nyingine. Ndiyo maana betri kuukuu haikai na chaji.

Joto huharakisha uharibifu huo. Shehena ya betri zilizojaa chaji, ikikaa juani siku kadhaa kwenye foleni ya Malaba, huzeeka kabla ya kuuzwa. Hasara hiyo haionekani kwenye ankara, bali mteja anaporudi na malalamiko.

Upande wa pili wa betri ndiko iliko kobalti. Huko, volti zikipandishwa sana, kimiminika nacho huharibika. Betri za chuma na fosfati hufanya kazi kwa volti za chini, hudumu, na hazina kobalti kabisa. Hubeba umeme mdogo kwa uzito uleule, lakini China imezitia kwenye magari mengi. Kwa hiyo mgao wa Kongo unaweza kupandisha bei leo na kumpa mnunuzi sababu ya kuhama kesho. Grafiti, kama ile ya Mahenge nchini Tanzania, ina nafuu: aina zote mbili huitumia.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, somo ni moja. Betri iliyotumika isinunuliwe kwa sura. Ipimwe uwezo uliobaki, iliyovimba ikataliwe, na mzigo ukae kivulini ukiwa na chaji ya wastani. Nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ingefanya vyema kudai kila betri kuukuu inayovuka mpaka iandikwe uwezo wake. Bila hivyo, tutaendelea kuuziana maganda.