Kipande cha Saba
Wazazi wenzangu, mtoto mchanga alegeapo viungo asiweze kuinua shingo, aghalabu mama ndiye hulaumiwa, na hiyo ni dhuluma. Ugonjwa mmojawapo wa namna hii hurithiwa kwa baba na mama pamoja, nao wenyewe ni wazima: jeni iitwayo SMN1 imeharibika. Ipo jeni pacha, SMN2. Lakini seli inapoikata na kuiunga nakala yake ya RNA, mfano wa fundi cherehani, mara nyingi hukitupa kipande cha saba, na protini ya kulinda neva hutoka pungufu. Adrian Krainer, mzaliwa wa Uruguay, alishiriki kubuni huko Marekani dawa inayokibakiza kipande hicho. Iliidhinishwa mwaka 2016. Dozi moja ilitangazwa kwa dola 125,000, na mwaka wa kwanza huhitajika sita.