Akiba Yetu Inapita Molo Bila Kusimama

Sisi wauza viazi na maziwa, wenye maduka ya pembejeo na mafundi wa Nakuru, tumechoka kuambiwa turudi kesho. Mwenzetu wa Molo aliingia benki mwezi Machi kuomba shilingi 300,000 za mbegu safi na mbolea. Miaka 9 amekuwa akiweka hapo pesa za mavuno. Alibeba daftari la mauzo, barua ya chifu na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, kurasa zimebanwa pini. Akakalishwa hadi saa nane mchana. "Mama, rudi na taito." Shamba lingali kwa jina la marehemu baba mkwe, kama mashamba mengi ya huku.

Tukaanza kuuliza: akiba zetu basi hukopeshwa nani? Sehemu kubwa huenda kwa serikali. Februari 2024 Hazina ilitafuta shilingi bilioni 70 kwa bondi ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyokatwa kodi. Ikaletewa zaidi ya bilioni 280, benki zikiwemo. Mkulima wa viazi atashindanaje na mkopaji wa namna hiyo?

Kanuni za mtaji nazo zinavutia upande uleule. Benki hudaiwa mtaji usiopungua asilimia 14.5 ya mali yake, kila mali ikipimwa kwa hatari yake. Mkopo wa mkulima huhesabiwa wote, kwa hiyo zile 300,000 za Molo zingeihitaji benki iwe na mtaji wa shilingi 43,500 nyuma yake. Ikinunua bondi ya serikali ya kiasi hichohicho, uzito wake ni sifuri. Haidaiwi hata shilingi moja. Afisa wa mikopo hana haja ya kutuchukia ili atunyime. Hesabu imekwisha kumwamulia.

Mtaji wenyewe hatuupingi. Dubai Bank na Imperial ziliporomoka mwaka 2015, Chase ikafuata Aprili 2016, na watu walipanga foleni wakilia pesa zao. Lakini sheria ya Desemba 2024 inataka mtaji wa msingi upande kutoka bilioni 1 hadi bilioni 10 kufikia 2029, na tunaogopa kwamba benki ndogo, ndizo zinazotujua kwa majina, zitabana mikopo kwanza huku zikitafuta hizo bilioni.

Msituletee tena dawa ya 2016. Riba ilipowekewa kikomo Septemba mwaka ule tulishangilia, kisha wadogo tukafungiwa mlango hadi kikomo kikaondolewa Novemba 2019.

Tunachotaka ni kila benki itangaze, kaunti kwa kaunti, imepokea amana kiasi gani na imekopesha kiasi gani. Tunataka Benki Kuu ipime upya uzito wa mkopo mdogo wa mkulima mwenye rekodi safi, na daftari la miaka 9 lihesabike. Serikali nayo ipunguze kukopa ndani ya nchi.

Mama wa Molo alikopa kwa simu, mara tatu, kidogo kidogo. Zikamtosha nusu ekari. Nusu nyingine ameacha magugu.