Taa Chini ya Pishi



Wapendwa waamini, wapo wanaosema kwamba kompyuta katika shule ya kijiji ni anasa. Mtoto wa mvuvi wa Kindamba au wa mfugaji wa Kibarbaig, wanasema, apate kwanza dawati na choo. Dawati na choo ni haki yake, lakini haki moja haifuti nyingine.

Tujiulize: ni nani anayemdai mtoto huyu ujuzi wa kompyuta? Ni taifa lenyewe. Matokeo ya mitihani hutolewa katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Mkopo wa elimu ya juu huombwa mtandaoni. Ajira serikalini vivyo hivyo. Mhitimu wa Mchombe asiyewahi kugusa kibodi humlipa mwenye steshenari amjazie fomu, na tarakimu moja ikikosewa, yeye ndiye anayeumia. Kumdai mtu kile ulichomnyima ni dhuluma.

Wengine husingizia umeme. Katika bonde hili kisingizio hicho ni aibu! Mitambo ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, ya Kihansi mwaka 2000. Kwa pamoja ina uwezo wa megawati 384. Kwa miaka mingi umeme huo uliangaza miji ya mbali, huku watoto wa bondeni wakisomea kibatari.

Wala hatuombi sadaka. Mwaka 2006 Bunge lilitunga Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa ajili ya maeneo ambayo makampuni hayaoni faida. Na tangu mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu, unafundisha kwamba kila mtu, wa taifa lolote na hali yoyote, ana haki ya kuelimishwa.

Hata hivyo, tusidanganywe na sherehe za makabidhiano. Kompyuta iliyofungiwa ofisini, isiyo na mwalimu, ni taa iliyofunikwa chini ya pishi. Ninyi wazazi mnaoketi katika kamati za shule na mikutano ya kijiji, ulizeni: ufunguo anao nani? Nani anafundisha? Mtoto anaigusa saa ngapi kwa juma? Jibu lisipopatikana, ulizeni tena mkutano ujao. Maskini Lazaro alilala mlangoni pa tajiri akiwa kimya. Sisi tubishe hodi.

Mama Bikira Maria atuombee.

Padre wenu