Mlango wa Kutokea

Katika kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoasisiwa mwaka 2001 na kuandikwa hadi leo na watu wa hiari wasiolipwa hata senti, wapo wachache waitwao wakabidhi, waliopewa mamlaka ya kufuta makala, kufunga kurasa zinazogombaniwa na kumzuia mharibifu asiandike tena. Jimmy Wales, mmoja wa waasisi, alikwisha kunena mwaka 2003 kwamba cheo hicho si jambo kubwa. Lakini kwa upande wa Kiingereza kilikuzwa hata mwombaji akawa husimamishwa siku 7 mbele ya umma, akihojiwa na kila apitaye, na neno la hamaki aliloliandika usiku wa manane miaka mingi nyuma likafukuliwa na kuanikwa. Natija yake haikujificha: mwaka 2007 walipita zaidi ya 400, na mwaka 2021 walipita 7. Watu wenye haya zao walijiweka kando, na nani awalaumu? Ilipojaribiwa kura ya siri mwaka 2024, walipatikana 11 kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, mimi naona hatari kubwa zaidi iko kwenye mlango wa kutokea. Katika Wikipedia ya Kikroatia, kikundi kidogo cha wakabidhi, kikijiongezea kura kwa majina ya bandia, kilishika funguo tangu mwaka 2011 hata 2020, na habari za kambi ya Jasenovac, walikouawa Waserbia, Wayahudi na Waroma kwa maelfu, zikalainishwa mpaka waziri wa elimu wa nchi ile, mwaka 2013, akawaonya wanafunzi wasiitegemee. Wa kuwaondoa hakupatikana upesi, maana aliyelalamika ndiye aliyefungiwa nje.

Wajerumani wana hadhari zaidi. Kwao, wakitokea waandishi 25 katika mwezi mmoja, au 50 katika miezi 6, wakataka mkabidhi apigiwe kura upya, hana budi kusimama tena au kuvua cheo, bila ya kulazimika mtu kuthibitisha taksiri yoyote. Hilo ndilo insafu kwangu, kwa kuwa imani ya watu huweza kwisha pasipo kosa la kushitakiwa.

Wikipedia yetu ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, haina waandishi wa kutosha kuchezea hesabu hizo. Sahihi 25 kwa mwezi ni ndoto. Basi na uwekwe muhula: kila baada ya miaka 2 ukabidhi ukome wenyewe, na anayeutaka auombe upya. Wako watakaosema kwamba tunawachosha wachache wanaobeba mzigo, nami nakiri kwamba mzigo ni mzito na shukurani ni haba. Lakini aliyeutumikia umma kwa adili atarudishwa bila jasho, na ambaye hakuna hata watano wa kumtaka atabaki na kalamu yake, aandike makala kama sisi wengine.